UZI: Kupanda Kalinzi kwa baiskeli na washikaji. Gia, breki, maji, na makosa yanayoharibu siku

#1 MenoNaMlima (mleta mada)

Wakuu, kila kiangazi kikiingia swali ni lile lile: "Tunataka kutoka Kigoma mjini hadi Kalinzi na kurudi siku moja, baiskeli yangu itaweza?" Tuelekezane hapa mahali pamoja. Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kupinga aje na hoja.

Kwanza mjue mnapanda nini. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Kalinzi, kule kwenye kahawa na migomba, ni zaidi ya mita 1,500. Hata kama barabara ingekuwa inapanda tu bila kushuka popote, ni mita 700 na ushee. Na haiko hivyo. Huu ni ukingo wa Bonde la Ufa: unapanda, unaporomoka bondeni, unapanda tena. Kila mteremko uliokufurahisha asubuhi ni deni la jioni. Wengi hupiga hesabu ya kwenda tu, wakidhani kurudi ni kuteremka mwanzo mwisho.

Njia: stesheni, Mwanga, Mwandiga. Pale Mwandiga ya Kasulu na ya Manyovu zinaachana, nyie mnashika ya Manyovu. Lami yote. Mwandiga hadi Manyovu ni kama kilomita 60, kwa hiyo kwenda Manyovu na kurudi mjini inazidi 120. Kwa vilima vile, hiyo si safari ya siku moja kwa kundi lenye wazoefu na wageni. Kalinzi inatosha na inabaki.

Sasa gia, maana hapa ndipo siku inapoamuliwa. Hesabu meno ya sproketi ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa tairi. Tairi ya 26 kwa 1.95 ina mzunguko wa mita 2.05 hivi. Ile ya 28 ya Phoenix ni kama mita 2.2.

Baiskeli ya mtumba yenye meno 24 mbele na 34 nyuma: 24 ÷ 34 × 2.05 = mita 1.45 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5.2 kwa saa. Mtu anayetembea haraka anaweza kukupita, lakini unapumua, unaongea, na magoti yako yanakushukuru.

Phoenix yenye 44 mbele na 18 nyuma: 44 ÷ 18 × 2.2 = mita 5.4. Mizunguko 60 hapo ni kilomita 19 kwa saa. Hakuna anayepanda mlima wa asilimia 8 kwa mwendo huo, basi unaishia kukandamiza pedali mara 20 kwa dakika umesimama wima, na goti ndilo linalolipa.

Kwa wanaopenda namba: mtu na baiskeli kilo 85, mlima wa asilimia 8 (unapanda mita 8 katika kila mita 100). Kwa kilomita 6 kwa saa miguu inatoa wati 125 hivi. Kwa kilomita 10 kwa saa ni zaidi ya 200. Ya kwanza mtu mwenye afya anaenda nayo muda mrefu. Ya pili itamkata pumzi kabla hajafika mbali, kisha atasema mlima ni mbaya.

Jaribio la bure: panda kutoka stesheni hadi Mwanga umekaa kwenye siti, bila kusimama juu ya pedali hata mara moja. Ukishindwa hapo, tatizo ni gia. Usilipeleke Kalinzi.

#2 Isevya_Tambarare

Shikamooni wakuu. Niko Tabora, huku barabara ni kama meza, mlima tunauona kwenye kalenda. Nina Phoenix, 44 kwa 18 kama hiyo uliyoisema, na mwaliko wa kuja huko ninao. Nibadilishe nini bila kununua baiskeli nyingine?

#3 FundiSpoki

Marahaba mdogo wangu. Kwa Phoenix njia ya bei nafuu ni friwili, ile sproketi ya nyuma. Tafuta ya meno 22. Hesabu inakuwa 44 ÷ 22 × 2.2 = mita 4.4. Umepunguza uzito wa kukanyaga kwa karibu sehemu moja ya tano. Haikufanyi uelee, lakini vilima vidogo utavipanda umekaa.

Angalia mambo mawili. Friwili ikikua, cheni inakuwa fupi. Legeza nati za gurudumu la nyuma, sogeza gurudumu mbele kwenye nafasi yake. Likigota, ongeza jozi moja ya pingili (moja ya nje, moja ya ndani). Cheni ikikaa, ibonyeze katikati: icheze kama sentimita moja na nusu. Ikikaza kama waya wa kuanikia nguo inakula gololi za krenki, ule mkono unaobeba pedali. Ikilegea sana itatoka mlimani, hasa ukisimama kukanyaga kwa nguvu.

La pili, angalia pini za krenki kama ni zile za kugongwa. Mlimani unabonyeza kwa nguvu kuliko ulivyozoea Tabora, na pini iliyolika inaanza kucheza: unasikia "tk" kila pedali ikifika juu. Pini mpya ni hela kidogo. Gonga kwa nyundo huku krenki imeegemea kitu kigumu chini yake, ndipo ukaze nati. Ukiivuta kwa nati peke yake unachuna nyuzi za pini.

Vinginevyo azima baiskeli ya gia. Au sukuma. Kusukuma mlima mkali kwenda kilomita 4 kwa saa si aibu, wanaobeba mikungu ya ndizi hufanya hivyo kila siku na wanafika.

#4 Katubuka_2

Mleta mada umeeleza gia vizuri ila umesahau kitu kinachovunja baiskeli za mtumba kuliko vyote. Gia ndogo kabisa ya nyuma, ile sproketi kubwa, watu huwa hawaitumii mjini. Wakifika mlimani wanaibofya kwa mara ya kwanza, cheni inapitiliza, inadumbukia kati ya friwili na spoki. Spoki zinakatika, au kibadilisha gia kinazunguka kuingia kwenye gurudumu. Siku imekwisha.

Sababu kubwa ni ile sikio la chuma linaloshika kibadilisha gia kwenye fremu. Baiskeli hizi husafiri zimelaliana kwenye kontena, sikio linapinda kuelekea ndani. Simama nyuma ya baiskeli: zile gurudumu mbili ndogo zinazopitisha cheni ziwe kwenye mstari mmoja na sproketi. Zikiinama kuelekea spoki, fundi anyooshe kwanza. Usianze kukaza skurubu kwenye kitu kilichopinda.

Baada ya hapo, ziko skurubu mbili ndogo, moja ina herufi H na nyingine L. L ndiyo inayozuia cheni isipitilize upande wa spoki. Inua gurudumu, zungusha pedali taratibu, weka sproketi kubwa, kisha sukuma kibadilisha gia kwa mkono kuelekea spoki. Kikisogea zaidi ya sproketi, kaza L robo mzunguko, jaribu tena. Ukikaza mno cheni haitapanda kabisa, rudisha kidogo. Fanya hivyo nyumbani, siyo kilimani huku wenzako wanakusubiri.

Na ubadilishe gia kabla mlima haujakubana. Ukishakandamiza kwa nguvu zote ndipo ubofye, cheni inagoma au inakatika. Punguza nguvu kwenye pedali kwa nusu mzunguko, bofya, endelea.

#5 MenoNaMlima

@Katubuka_2 kweli kabisa. Niongeze tu cheni yenyewe: pima kwa rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Ikiwa mpya inaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikizidi kwa moja ya nane, friwili nayo imeshalika, na cheni mpya itaruka juu yake kila ukikaza mlimani. Hapo nunua vyote viwili au acha vya zamani vizeeke pamoja.

#6 DarMpakaKigoma

Mimi nashauri muanze saa kumi na moja alfajiri, mpande kabla ya jua. Ndivyo tunavyofanya huku Dar.

#7 Kibirizi_Mashariki

Mkuu, hapa ni mwisho wa reli! Saa ni ile ile ya Dar, jua siyo. Kuanzia Juni hadi Agosti jua la Kigoma linachomoza saa moja na dakika kama kumi, nusu saa na zaidi baada ya Dar. Saa kumi na moja ni usiku kabisa, na hata saa kumi na mbili bado giza. Ondokeni saa moja kasoro robo, mwanga unatosha.

Faida yake mnaipata jioni: jua linazama kama saa moja usiku. Ila msiitumie kama akiba. Joto nalo linachelewa, linakomaa saa nane hadi saa tisa. Kipande kirefu cha kupanda kiishe kabla ya saa sita. Na msimu: Juni hadi Septemba ni pakavu. Mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi mwanzoni mwa Mei, lami inabaki lami lakini matope ya njia za pembeni yanaburuzwa barabarani kwenye kona. Tairi jembamba hapo halina rafiki.

Mbebe vitambulisho vya Taifa. Barabara inaelekea mpaka wa Burundi, kukaguliwa ni kawaida.

#8 FundiSpoki

Naona kila mtu anaongelea kupanda. Wanaoumia huumia kwenye kushuka.

Kilo 85 zikishuka mita 700 zinaachia nishati ya kutosha kuchemsha karibu lita mbili za maji. Sehemu inachukuliwa na upepo, iliyobaki yote inaingia kwenye raba za breki na rimu. Ukibana breki kidogo kidogo bila kuachia tangu juu hadi chini, rimu inapata moto, gundi ya viraka inalainika, kiraka kinateleza, tyubu inapasuka. Tyubu yenye viraka vitatu vinne isikae gurudumu la mbele siku ya mlima.

Namna ya kufunga: kaa wima kifua kipokee upepo, hiyo ni breki ya bure. Kabla ya kona bana mbele na nyuma pamoja kwa nguvu, punguza mwendo, achia, pita kona bila kubana. Rimu inapoa kati ya kona na kona. Breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa kwa sababu uzito unahamia mbele ukifunga. Wanaoiogopa wanabana ya nyuma peke yake, tairi linaserereka, wanakwenda walikokuwa hawataki. Ibane kwa kuongeza taratibu, usiipige ghafla, na makalio yarudi nyuma kidogo.

Ukaguzi kabla ya kutoka:

Bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote. Ukigusa usukani, waya umelegea. Pabaki nafasi ya vidole viwili. Kisha chungulia waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki, kwenye kile kichwa chake cha risasi. Nyuzi hukatikia hapo moja moja bila kuonekana. Ukiona hata uzi mmoja umechomoza, badilisha waya mzima.

Raba iguse rimu tu. Ikipanda inakula tairi mpaka linapasuka ubavuni, ikishuka inateleza kuingia kwenye spoki. Acha milimita moja au mbili chini ya ukingo wa rimu. Mifereji kwenye raba ikiisha, tupa. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyong'aa, vichokonoe kwa sindano, vinginevyo vinakwangua rimu. Rimu ya alumini ikiwa imebonyea kwa ndani ukipitisha kidole, ukuta wake umekonda, na unaweza kupasuka kwa upepo wa tairi tu.

Wa Phoenix yenye breki za fimbo na rimu za chuma: ikiwa kavu zinafunga kiasi, ikilowa karibu hazifungi. Mvua ikinyesha shuka utembee. Siongezi neno hapo.

#9 Isevya_Tambarare

Nimeogopa kidogo. Huku kuna wanaofunga kwa kukanyaga tairi la mbele na kandambili. Inasaidia kama breki zikigoma?

#10 FundiSpoki

Hapana kijana. Kwenye tambarare mwendo ni mdogo, unaponea. Kwenye mteremko mguu unavutwa kwenye uma, unaruka juu ya usukani. Breki moja ikigoma, tumia iliyobaki mapema ukiwa bado taratibu, elekea upande wa kilima penye majani, kamwe usielekee upande wa bonde.

#11 Mama_Migebuka

Wanangu mmeongea vyuma, sasa tuongee tumbo.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Saa tano za kuendesha ni lita tatu, na chupa moja ya fremu ni robo yake tu. Bebeni lita moja na nusu kila mmoja mkitoka, mjaze tena Mwandiga na mkishafika juu. Kunywa mafunda mawili matatu kila baada ya dakika kumi na tano. Ukisubiri kiu, tayari umechelewa.

Kwa anayetoka jasho la chumvi, lile linaloacha alama nyeupe kwenye fulana, abebe pakiti moja ya dawa ya kuzuia upungufu wa maji inayouzwa duka la dawa. Pakiti moja kwa lita moja kamili. Wapo wanaoimimina nusu lita ili "iwe kali". Ikiwa kali inavuta maji kuingia tumboni badala ya kuyapeleka mwilini.

Chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, yaani ndizi mbivu moja au mbili. Viazi vitamu vya kuchemsha vinabebeka, gramu mia moja vina wanga wa gramu 20 hivi. Karanga ni nzuri mkishakaa, mlimani zinachelewa kufanya kazi. Anza kula baada ya dakika 45 ingawa hujasikia njaa. Mwenzako akianza kunyamaza, kutetemeka mikono na kukasirika bila sababu, hiyo ni sukari imeshuka. Mpe soda na andazi, akae robo saa kivulini, asisukumwe kwa maneno ya "jikaze".

Ugali na mgebuka wa mawese uwe wa jioni mkirudi. Mkila sahani nzima saa saba kisha mkapande vile vilima vya kurudi, mafuta yatawapandia kooni. Juu kule kuleni wali au ndizi kwa maharage, nusu sahani.

#12 Katubuka_2

Mama ahsante. Swali la kundi: tuko saba, wawili wana kasi sana, mmoja ndiyo anaanza. Tunapanda pamoja au kila mtu na lwake?

#13 MenoNaMlima

Kila mtu kwa mwendo wake. Kumfuata mwenye kasi nyuma yake kunasaidia tambarare kwa sababu anakukatia upepo. Kwa kilomita 6 kwa saa hakuna upepo wa kukatwa, unajichosha bure. Mwenye kasi naye akijilazimisha kwenda polepole sana anayumba.

Ila mkubaliane vituo kabla ya kutoka: kileleni mwa kila kilima, mahali panapoonekana, nje ya lami, siyo kwenye kona. Na hapa ndipo makundi mengi yanakosea. Wa kwanza wamepumzika dakika kumi, wa mwisho anafika, wao wanaruka kwenye baiskeli. Kwa hiyo aliyechoka kuliko wote ndiye anayepumzika kidogo kuliko wote. Saa ya kupumzika ianze kuhesabiwa anapofika wa mwisho.

Mmoja mzoefu abaki nyuma kabisa akiwa na pampu na spana. Pampu ikienda na mwenye kasi, pancha ya mwisho inamsubiri arudi kilomita tatu.

Kushuka: mstari mmoja upande wa kushoto, pengo la sekunde nne au tano. Kwa kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde. Ukihesabu muda wa kushtuka na wa kufunga, kusimama kwenye lami kavu kunahitaji kama mita 26, na kwa kilomita 50 ni kama 38. Lami ikilowa, zidisha mara mbili au zaidi. Mbuzi hangoji hesabu hizo. Lori likija nyuma, wa mwisho anapaza sauti "gari!", wote wanabana kushoto bila kugeuza shingo, maana ukigeuka kuangalia nyuma usukani unageuka nawe.

#14 Kibirizi_Mashariki

Vifaa je? Naomba kifupi, tusibebe gereji.

#15 FundiSpoki

Kwa kundi zima: pampu moja yenye vichwa vya aina zote za vali mlizonazo. Hili linaumbua watu. Phoenix ina vali ya kizamani yenye kampira ndani, mtumba inaweza kuwa na vali kama ya pikipiki au ile nyembamba. Tyubu moja kwa kila saizi ya tairi. Viraka, msasa, gundi. Levya mbili za kutolea tairi, maana bisibisi inatoboa tyubu. Spana 13, 14, 15, funguo za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, kitoa pini za cheni, waya mmoja wa breki, mpira wa kufungia mizigo.

Kiraka: kwaruza tyubu kwa msasa mpaka mng'ao uishe, eneo pana kuliko kiraka. Paka gundi nyembamba, kisha subiri. Dakika tano, mpaka isiwe inang'aa wala kushika kidole. Hapa ndipo watu wanabandika mbichi na kiraka kinabanduka. Bandika, kandamiza dakika moja. Kabla hujarudisha tyubu pitisha kidole ndani ya tairi kutafuta mwiba, taratibu. Mwiba ukibaki utapata pancha ile ile baada ya mita mia mbili.

Upepo, kwa kipimo cha psi: tairi la 26 kwa 1.95 kwenye lami 45 hadi 50, ukiingia njia za changarawe shusha hadi 35. La 28 la Phoenix 50 hadi 55. Mwenye uzito mkubwa aongeze nyuma kidogo.

Siti: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, goti linyooke bila kiuno kuyumba. Siti ya chini ndiyo inayoua magoti mlimani, halafu watu wanailaumu gia.

#16 Katubuka_2

La mwisho fundi. Krenki yangu ya kushoto inalegea kila baada ya kilomita kumi hivi, nakaza, inarudia.

#17 FundiSpoki

Ile ya tundu la pembe nne? Imeshaendeshwa ikiwa imelegea, tundu limepanuka, pembe zimeviringika. Kukaza hakutaiponya. Nunua krenki ya kushoto, panguza ekseli ikauke, kaza kwa nguvu, endesha kilomita chache ukaze tena mara moja. Ukiwa njiani huna jinsi, kata kipande cha kopo la soda, zungushia ekseli, gonga krenki iingie, kaza. Itakufikisha nyumbani, haitakupandisha Kalinzi.

#18 Katubuka_2

Bolti yake spana namba ngapi?

#19 FundiSpoki

Nyingi ni 14, lakini imezama ndani ya krenki, spana ya kawaida haiingii. Beba ya boksi, yenye ukuta mwembamba.